Siku Tuliyoupa Mwezi Mgongo

Ile picha niliyoituma kwenye kundi letu imeniletea maneno. Mmoja wenu kaniuliza kama kioo cha simu yangu kimepasuka. Mwingine kasema anaona ukucha uliokatwa. Na wewe mwenye simu ya bei mbaya, uliyeikuza picha mpaka ikawa miraba mitupu kisha ukaandika "sioni kitu", nakujibu wewe hasa. Ulichoshindwa kukiona ni mwezi. Aliyeuona ni mama yangu, na ili auone tulisafiri kutwa nzima, kutoka ncha moja ya Sydney hadi nyingine, tukafika, tukaketi, tukaupa mgongo. Naandika yote hapa mara moja, maana nimechoka kusimulia vipande vipande.

Ingleburn: sanduku la mlangoni

Kwa asiyemjua, Mama alikuja kutoka Unguja kunisaidia uzazi wa kwanza. Alikuja na sanduku moja. Mtoto akazaliwa, arobaini ikapita, na Mama alipokuwa akijiandaa kurudi, korona ikafunga mipaka. Ndege yake ikafutwa. Tukapata nyingine, nayo ikafutwa. Mtoto aliyekuja kumpokea akiwa mchanga sasa anatembea na kuvuta nyaya za kompyuta yangu, na sanduku lilikuwa bado limesimama palepale kando ya mlango, limefungwa, na ole wako uliguse. Mume wangu alijaribu siku moja kulisogeza apitishe kigari cha mtoto.

"Liache, baba," Mama akamwambia. "Mgeni haingizi mzigo wake ndani."

Sasa, kwetu Mkunazini Mama ana jina. Wanamwita Bi Darubini. Kila mwaka, siku ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani, watu huteremka Forodhani kutazama baharini, na wanaume huja na vyombo vyao vya kuvutia mbali. Mama husimama na macho yake mawili tu, na mara nyingi yeye ndiye anayepiga ukelele wa kwanza: umeandama! Mtaa mzima hufunga kwa sauti yake. Lakini Ramadhani iliyopita ilimkuta ndani ya nyumba Ingleburn, hakuna kutoka, mawingu tele, na habari ikaja kwa ujumbe wa simu. Alilia. Alisema ameipokea Ramadhani kama bili ya umeme.

Tangu hapo akawa anapungua. Chakula anaonja. Nje hatoki, ila hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mwaka huu, Shaabani ilipokaribia kwisha, akanikalisha kitako.

"Salma, mimi mwezi wa kwenye simu siutaki tena. Nionyeshe kwa macho yangu. Nataka nijue kama huku nako mwezi huandama, au nimetupwa mahali ambapo hata mwezi haunijui."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikaogopa, kwa sababu nilielewa kwamba haulizi habari za mwezi. Anauliza kama akifa huku atakuwa amekufa mahali panapojulikana. Nikamwambia tutakwenda, tena tutakwenda na chakula, tuvunje jungu huko huko kama watu. Kesho yake alfajiri nyumba ilinuka nazi na iliki. Alikaanga sambusa, akapika mkate wa kumimina na kuku wa kupaka, akajaza hotipoti mbili. Tangu mipaka ifungwe sikuwa nimemwona akipika namna ile, akipiga sufuria kana kwamba anagombana nazo.

"Sasa tuutafute wapi?" nikauliza.

"Baharini, wapi tena?"

Baharini. Nami nikakubali, bila kufikiri hata chembe. Kumbukeni hapo.

Auburn: tende ya kuonja

Mama hakubali Ramadhani iingie hana tende, kwa hiyo tulipitia Auburn kwanza. Treni za huku zina ghorofa, na yeye alitaka ya juu, na ngazi zile na buibui lake na hotipoti mbili si mchezo. Mume wangu alikuwa amebaki na mtoto, kwa hiyo mpagazi nilikuwa mimi.

Mlangoni pa duka ikabidi tujisajili kwa simu, unapiga picha ule mraba wenye vidoadoa ili ukija kupatikana mgonjwa mjulikane nyote mlioingia. Mama akautazama mraba ule kwa muda.

"Hata duka la tende linataka kujua kama nimekuja?"

"Duka, serikali, kila mtu, Mama."

"Basi huku mtu hapotei," akasema, na sikujua kama anasifu au analaumu.

Ndani akafanya kama afanyavyo sokoni Darajani: akachagua tende nene, akaitia mdomoni aionje. Mwenye duka, mzee wa Kiafghani mwenye barakoa, akaangusha macho kwa adabu. Akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba pengine mama ni mgonjwa, hapana neno, Mungu husamehe. Sikumwelewa. Akaongeza kwamba wao wamefunga tangu alfajiri.

Nilipomtafsiria, Mama alibaki na tende shavuni. Hakuweza kuitafuna wala kuitema.

"Wamefunga leo? Muulize nani kauona mwezi."

Nikauliza. Akasema ni hesabu. Wataalamu wamepiga hesabu, ikatangazwa, na wao wanafuata. Na wengine mtaa wa pili wanasubiri kuuona kwa macho, wataanza kesho, Mungu awatakabalie wote.

"Mwambie simcheki," Mama akasema, tende bado shavuni. "Lakini hesabu haina macho."

Nilitafsiri nusu ya kwanza tu. Mzee akatutilia tende nyingine kwenye mfuko, akaweka mkono kifuani. Tulipotoka Mama alisimama kwenye kizingiti cha mlango akatazama ndani, kisha nje. "Mle Ramadhani," akasema, "hapa Shaabani." Akaimeza ile tende kimyakimya. Mimi niliona jambo lile ni la ajabu na la kuchekesha. Yeye alitangulia mbele hadi stesheni bila kuningoja, na nikajua kwamba safari imekuwa nzito zaidi: sasa asipouona atakuwa hana hesabu wala macho.

Ndani ya treni: Unguja chini ya kiti

Tulipoikaribia stesheni kuu ya Central treni ikasimama katikati ya reli. Sauti ya spika za darini ikaomba radhi. Tukakaa. Ikaomba radhi tena. Mama alikuwa akitazama jua dirishani kwa jicho la mtu aliyeachwa na harusi.

Ili kumtuliza nikatoa simu. Kuna programu ya anga nimeiweka, bila shaka mnaijua: unainua simu juu, inakuonyesha kilichoko nyuma ya mawingu, nyuma ya paa, hata mchana kweupe. Nyota hizi, sayari ile, mwezi uko huku. Mnajua kazi yangu. Napima programu kabla hazijatoka, nabonyeza kila mahali mpaka ikosee, kisha naandika imekosea wapi. Mtu wa kazi hii haamini programu yoyote. Lakini ile huwa inanitoa ushamba kila nikiifungua.

Nikamwonyesha jua lilipo. Akalilinganisha na la dirishani, akatikisa kichwa. Kisha nikaielekeza simu chini, kwenye sakafu ya treni, nayo ikaendelea kuonyesha nyota, kama vile dunia ni kioo.

"Hizo za wapi?"

"Zile zilizo upande wa pili wa dunia, Mama." Nikaisogeza kwa mshazari, nikakisia. "Unguja iko kama huku. Chini ya kiti cha yule bwana, mbali sana. Na jua hili unaloliona hapa limeanza kwenda chini, kule ndiyo kwanza linapanda. Hata chai hawajamaliza."

Akaichukua simu mwenyewe. Aliishika kwa mikono miwili. Akainamisha uso mpaka karibu na sakafu, akaanza kunong'ona, na nilipotega sikio nikasikia anawataja kwa majina: Fatma, Mwanajuma, watoto wa jirani, paka. Kisha akanyanyua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni, taratibu, akaiweka juu ya mfuko wa tende.

"Nisije nikawakanyaga," akasema.

Alikuwa akitania. Lakini treni ilipoondoka, miguu haikushuka mpaka Central. Mimi nimekaa na programu miaka yote hii, na sijawahi kuona moja ikitumiwa vizuri kuliko hivyo.

Bondi: kivuli

Tukabadili treni, tukapanda basi, na basi lilipokata kona ya mwisho bahari ikajitokeza yote kwa pamoja. Mama alisimama ndani ya basi linalokwenda. Dereva akampigia kelele aketi. Hakusikia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe bahari mnayo."

Hapo niliona haya, sisemi uongo. Zaidi ya mwaka mzima mwanamke aliyezaliwa ukingoni mwa maji nilimfungia Ingleburn, kati ya maghala na stesheni, na bahari iko mwisho wa nauli moja. Korona ilichangia, lakini si miezi yote.

Tuliketi kwenye majani, nyuso baharini, tukafungua hotipoti. Tukala kama wavunja jungu. Shakwe wakaja, mmoja, kisha kumi, na mmoja akanyakua sambusa mkononi mwa Mama hewani kabisa. Mama akavua kiatu. "Mwizi mkubwa wewe! Na kesho ni Ramadhani!" Akacheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka kwa kuona anavyocheka, na jua likawa linateremka bila sisi kuliuliza.

Bwana mmoja kando yetu akauliza kwa heshima tunasubiri nini, kwa jinsi Mama alivyokuwa ameikodolea macho ile bahari. Nikamwambia tunasubiri mwezi mpya. Akatazama baharini pamoja nasi kidogo, akatutakia kila la heri, akaondoka. Nadhani alijua. Alikuwa mstaarabu mno.

Nikatoa simu niuone mwezi ulipo ili nimwelekeze. Mshale ukaonyesha nyuma yetu. Kwenye majumba, juu ya paa la duka la aiskrimu. Nikasema, haya, programu imekwisha kukosea, ni hiki kifuniko cha simu chenye sumaku, huwa kinaharibu dira. Nikakivua. Mshale ukarudi kwenye duka la aiskrimu. Nikaipunga simu hewani kwa umbo la nane, kama inavyoagizwa dira ikipotea, watu wakanitazama kama nafukuza nyuki. Duka la aiskrimu. Nikaizima, nikaiwasha. Kichwani nilikuwa nimekwisha anza kuwaandikia waliotengeneza barua ya kuwaumbua.

"Salma," Mama akaita polepole. "Mbona kivuli changu kimeelekea baharini?"

Nikatazama. Kivuli chake kirefu kilikuwa kimelala juu ya majani, kichwa kikiyaelekea maji. Changu vilevile, na mkono wangu na simu. Forodhani, saa kama ile, vivuli vya watu hulala nyuma yao kuelekea majumba, kwa sababu jua liko mbele, linazama baharini, na mwezi nao hapo hapo. Hivyo ndivyo tulivyozaliwa tukijua: jua huzama baharini. Nimekaa Sydney miaka saba. Najua kabisa kwamba watu huja Bondi kabla ya alfajiri kupiga picha jua likichomoza. Kazini kwangu nusu ya watu wana picha hiyo. Lakini Mama aliposema baharini, akili yangu ilipanda ndege iliyomshinda yeye, ikarudi Unguja.

"Ya Rabbi," Mama akasema. "Tumekaa kinyume. Tumeipamba safari yote hii tukaja tukaupa mwezi mgongo."

Jua lilikuwa limeshaanza kuingia nyuma ya majumba, na mwezi mchanga hausubiri. Hulifuata jua upesi. Uso wa Mama ulikunjamana. Akaanza kufunga hotipoti, na alivyokuwa akizifunga nikaona anafunga na mengine.

"Haidhuru, mwanangu. Turudi. Pengine ndivyo ilivyoandikwa."

"Mama, jambo," sauti ikasema. "Munatafuta mwezi?"

Kwenye benchi nyuma yetu alikuwa ameketi mama wa makamo, sare ya kazi, barakoa kidevuni. Alikuwa ametusikiliza muda wote. Akajitambulisha: Mama Esther, mtu wa Bukavu, anahudumia wazee, anasubiri basi limpeleke kazini.

"Minatumika kazi kule juu," akasema, akinyoosha kidole kwenye kilima upande wa kushoto wa ufuko. "Kule unaona ville yote, mji muzima, na jua inangukaka mbele yako. Basi njo hii inakuja. Tukimbie, bamama!"

Kilimani

Tukakimbia. Nataka mlione hilo: Mama, aliyekuwa hatoki zaidi ya kamba ya nguo, anakimbia Bondi na buibui kalikunja mkononi, Mama Esther kabeba hotipoti moja, mimi nyingine, na shakwe nyuma yetu. Dereva alitusubiri. Basi likapanda, taa zote zikatushika nyekundu, na kwenye kila taa Mama alifumba macho na midomo ikacheza. Mama Esther akampa mkono aushike. Hawakuwa wamejuana hata robo saa. Kiswahili chao hakifanani na wala hakuna aliyejali.

Tuliposhuka juu kabisa, nilisahau kilichonileta.

Chini yetu mji wote ulikuwa wazi: ghuba imeingia nchi kavu vidole vidole, maghorofa ya katikati ya mji yamesimama kwenye wekundu, na lile daraja kubwa limekuwa dogo kama kishikio cha kikapu. Nimefanya kazi ndani ya ghorofa mojawapo kati ya yale na sikuwahi kujua kwamba ukiyatazama kwa mbali yanatisha kwa uzuri. Anga juu yake ilikuwa safi kabisa, hamna ndege hata moja.

Nikainua simu. Mshale ukasema hapo, mbele, juu kidogo ya mahali jua lilipoingia. Nikatazama. Hamna kitu. Mama Esther akatazama. "Miye sione," akasema.

Mama hakuiangalia simu. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasimama kama ninavyomkumbuka nikiwa mdogo, kidevu juu, mkono mmoja umekinga jicho. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji.

Kisha mkono ukashuka.

"Ule," akasema.

"Wapi?"

"Ule pale! Umeandama! Umeandama, Salma!" Akapiga ukelele, ule ule wa Forodhani, mpaka mtu aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama, na mbwa akabweka. Nikaifuata ncha ya kidole chake na hatimaye nikauona, mwembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona angani, umejilaza ubavu. Mama Esther naye akauona, akafanya ishara ya msalaba. Mama akasoma dua ya mwezi huku machozi yanaingia ndani ya barakoa.

"Kwetu hulala chali," akasema alipomaliza, bado anautazama. "Huku kalalia ubavu. Lakini ni yule yule. Namjua."

Ndipo nilipopiga picha mnayoicheka. Ndipo pia Mama aliponinyang'anya simu akampigia mama mdogo Fatma, Mkunazini. Nikaiweka sauti wazi.

"Dada? Kuna nini, kheri?" Fatma akashtuka. Nyuma yake zilisikika sufuria na redio. "Mbona mapema hivi?"

"Umeandama, Fatma."

"Umeandama nini? Dada, hapa hata saa tano ya asubuhi haijapiga! Nachambua mchele!"

"Mwezi! Nimeuona mimi, kwa macho yangu haya, na nyinyi jua halijawafika hata utosini."

Nilisikia hatua, mlango ukifunguliwa, na kisha sauti ya mama mdogo ikipaa kwenye uchochoro: "Jamani! Bi Darubini kauona! Kauona huko huko aliko!" Mtu akajibu, mwingine akapiga kigelegele, mwingine akauliza kwani amerudi. Tukasikia mtaa mzima ukicheka na kubishana kutoka upande wa pili wa dunia.

Fatma akarudi, pumzi juu. "Lakini dada, huo si wenu wa huko?"

"Mwezi ni mmoja, mdogo wangu," Mama akasema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeachwa. "Umeanza kwangu. Sasa unakuja huko. Jioni teremkeni Forodhani muupokee, na muwaambie ni mimi niliyeuleta."

Kurudi

Mama Esther alichelewa kazini kwa ajili yetu, akaondoka na sambusa zilizobaki. "Ramadani njema, mama. Na miye muniombee," akasema, na Mama akamwombea palepale, kwa jina. Wamepeana namba. Sasa huzungumza kila siku, na nimesikia mwanangu akisema "minaona".

Treni ya kurudi haikusimama njiani. Mama alilala njia nzima, kichwa begani kwangu, miguu sakafuni.

Nyumbani mume wangu alitufungulia mlango, mtoto amemlalia begani. Mama akavua viatu. Akalitazama lile sanduku kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Lisogezeni hilo," akasema, akipita kwenda jikoni. "Watu wataamka kula daku, mtu atajikwaa."

Mimi na mume wangu tukatazamana. Kisha tukalishika huku na huku, upesi, tukaliingiza chumbani kwake kabla hajabadili mawazo.